Mti mkubwa uani: uuache, uupogoe, uukate kichwa au uuangushe?

Mama yangu mkubwa anaishi Rau, Moshi, chini ya mruka, mti mkubwa wa asili. Mti ulitangulia, nyumba ilikuja baadaye, kisha banda la ng'ombe, kisha ukuta wa tofali upande wa jirani. Masika ya 2021 tawi nene kama paja la mtu mzima lilianguka usiku likapasua mabati ya banda. Ng'ombe alipona. Kulipokucha ukoo ulikuwa umesimama uani, shingo zote zimeelekea juu, kila mmoja na lake. Mjomba alitaka mti ushuke siku hiyohiyo. Mama mkubwa alisema atakayeuangusha aanze kumzika yeye kwanza. Binamu yangu, ambaye hupenda mambo yaishe, alikuwa ameshampigia simu kijana wa chenso, yaani msumeno wa injini.

Tukakubaliana kile tulichokiona ni suluhu ya katikati: mti usiangushwe, ila ukatwe kichwa. Jioni ile mruka ulibaki shina na vidole vinne. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa alipita, akauliza kibali kiko wapi, tukaangaliana.

Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu wa Soweto na Kiboriloni, hapahapa Moshi, na shemeji yangu aliyenunua kiwanja chenye miti mikubwa Moshono, Arusha. Mwenye mti mkongwe uani ana njia nne: kuuacha, kuupogoa, kuukata kichwa, au kuuangusha wote. Nazipanga hapa jinsi ninavyoziona baada ya kuungua mkono, na naanza na jambo ambalo sisi tulilikumbuka mwisho.

Mti ni wako, lakini si wako peke yako

Wengi wetu tunaamini kwamba mti ulio ndani ya fensi ni kama kuku aliye bandani. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 haioni hivyo. Inampa waziri mamlaka ya kutangaza mti, au aina ya mti, kuwa wa kuhifadhiwa hata ukiwa nje ya msitu wa hifadhi, na kuukata bila kibali ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza ni la jina: huu ni mti gani? Mvule, mringaringa na mruka ni miti ya asili. Mgrivea umetoka Australia na mjakaranda Amerika ya Kusini. Afisa misitu akija ataanza na hilo, na wewe lijue kabla hajafika.

Kama kiwanja chako kinagusa Karanga, Rau au Njoro kwa upande wa Moshi, au Themi na Naura kwa upande wa Arusha, kuna sheria ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Miti ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo ule. Ukiing'oa, mto wenyewe utakuja kudai mita zake, na mto haupeleki barua.

Na mti ulio nje ya fensi, kati ya ukuta wako na lami, uko kwenye hifadhi ya barabara. Hata kama babu yako ndiye aliyeupanda, usiuguse kabla ya kuuliza halmashauri.

Njia ya kibali kwa kawaida huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ikapanda kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa afisa misitu wa halmashauri au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Peleka barua yenye sababu na picha mbili tatu za mti. Picha ya ufa kwenye shina husema zaidi ya kurasa tatu za maelezo. Usisubiri tawi likianguka ndipo uanze kutafuta muhuri.

Kuuacha, lakini kwa macho

Njia hii haina gharama kubwa, na kwa miti mingi ndiyo sahihi. Urefu peke yake si ugonjwa. Mkukusu wa bonde la Mrusungu, kwenye Mlima Kilimanjaro, uliotangazwa 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, una mita 81.5, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuupunguza.

Kuuacha si kuusahau. Uzunguke mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Anzia chini. Uyoga mgumu kama sahani uliojishika kwenye kitako cha shina ni habari mbaya kuliko matawi makavu kumi, kwa sababu unaonyesha kuoza kwa ndani, pengine kwenye mizizi. Angalia udongo: ukiona umeinuka au umepasuka upande mmoja, na mti umeinamia upande wa pili kuliko mwaka jana, toa watu chini yake na ita mtaalamu siku hiyo. Mti ulioinama tangu utoto wake na ukajinyoosha juu kuelekea mwanga hauna shida hiyo, uliishajipanga.

Halafu gonga. Chukua nyundo ya mbao au mpini wa jembe, ligonge shina ukizunguka. Shina zima hutoa sauti kavu, fupi. Lenye uwazi hujibu kama ngoma. Uwazi wenyewe si hukumu ya kifo. Kanuni inayotumika sana, ingawa wataalamu huibishania, ni kwamba ukuta wa mbao isiyooza uliobaki uwe na unene wa walau theluthi moja ya nusu ya kipenyo cha shina. Kama ndani ya uwazi kuna nyuki, muite mfuga nyuki awahamishe usiku kabla ya fundi yeyote kupanda. Hilo halina mjadala.

Udhaifu wa njia hii ni sisi wenyewe. Tunaanza vizuri, mwaka wa pili tunasema "bado uko imara", mwaka wa tatu tunasahau.

Kupogoa na kukata kichwa: vinafanana kwa jina tu

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo sisi tulipopotea.

Kupogoa ni kuchagua. Mtu anapanda kwa kamba na mkanda, anaondoa matawi makavu, yanayosuguana, yanayolalia paa, na anapunguza uzito kwenye ncha za matawi marefu kwa kuyakata pale yanapogawanyika, ili tawi dogo linalobaki liendelee kuwa ncha. Akishuka, unatakiwa ujiulize kama kweli amefanya kazi. Mti mkongwe usipoteze zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Chini ya hapo ni bora zaidi.

Kukata kichwa ni kupima urefu unaoutaka wewe, kisha kukata kila kitu kilicho juu yake popote pale mashine ilipofika. Mti unabaki kama mkono uliokatwa vidole.

Nimejiuliza kwa nini huku kwetu tunakuona kukata kichwa ni jambo la kawaida, nikapata jibu kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Tumekua tukiona mgrivea juu ya kahawa ukikatwa matawi yote, ukabaki mlingoti, na msimu ujao umechipua. Mgrivea unalivumilia hilo vizuri. Kisha, kwa mkulima, kazi ile huanza mti ukiwa mdogo na hurudiwa kila baada ya muda palepale. Sisi tunachukua desturi ya mti wa miaka mitano tunaupeleka kwenye mruka uliozaliwa kabla ya bibi, tena mara moja, kisha tunaondoka. Ni sawa na kumpeleka mzee wa miaka themanini jando.

Kinachofuata kinajulikana. Mti ulionyang'anywa majani hauna jiko la kupikia, kwa hiyo hutumia akiba yake kusukuma machipukizi mengi kwa haraka. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina, mbao yake imefumwa ndani ya mbao ya shina mwaka baada ya mwaka. Chipukizi la kwenye kisiki limebandikwa juujuu. Wakati huohuo kile kidonda kipana, sentimita 30 au 40, kinaanza kuoza kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo una matawi mapya yanayonenepa kila mwaka, yameshikwa na mbao inayolainika kila mwaka. Mti uliokatwa ili usiwe hatari unakuwa hatari zaidi ya ulivyokuwa, ila kwa tarehe ya baadaye.

Mtafiti Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alilieleza hili katika miaka ya 1970 baada ya kupasua magogo mengi sana kwa msumeno: mti hauponi kidonda kama ngozi ya mtu. Huzungushia ukuta sehemu iliyoharibika na kuendelea kukua kwa nje. Kidonda kidogo, ukuta unawahi. Kidonda kikubwa, uozo unautangulia ukuta. Ndiyo maana kupaka rangi, lami au grisi kwenye kidonda hakusaidii. Tulipaka. Kopo zima la rangi ya kijani, kwa sababu binamu aliona ipendeze.

Basi ukimwita fundi, usimuulize kama anajua kukata miti. Kila mtu anajua kukata miti. Mwambie akuonyeshe kwa kidole atakata wapi kwenye tawi moja. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe kama pete. Fundi anayejua atakata nje kidogo ya pete ile, hataingia ndani yake na hataacha kipande kirefu kama kigingi. Muulize pia tawi zito analianzaje. Jibu unalolitaka ni hili: anatia msumeno kwa chini kwanza, mbali kidogo na shina, kisha anakata kwa juu mbele ya pale ili tawi lidondoke bila kuchuna ganda, ndipo anamalizia kipande kilichobaki karibu na pete. Mikato mitatu. Akikujibu "nakata tu, bosi", mshukuru, mpe nauli.

Kwa fedha, kupogoa kunauma zaidi siku ya kwanza. Ni kazi ya watu watatu kwa siku mbili, mmoja juu, mmoja kwenye kamba, mmoja chini, wakati kichwa hukatwa mchana mmoja. Lakini mti uliopogolewa vizuri unaweza kukaa miaka kadhaa bila kuguswa, na ule uliokatwa kichwa unadai fundi tena machipukizi yakinenepa. Sisi tumeshalipa mara mbili.

Msimu mzuri ni kiangazi, Julai hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika shina linateleza, ardhi ni laini, na uyoga unatawanya mbegu zake. Na kama nyaya za umeme zimepita kwenye matawi, usipandishe mtu kabisa. Toa taarifa TANESCO wakate au wazime laini. Tawi bichi lenye maji linapitisha umeme.

Kuuangusha

Kuna miti inayostahili kushuka. Uliooza kitako, ulioanza kuinama karibuni, uliosimama juu ya chumba wanacholala watoto na hauna tena tawi zima la kuokoa. Hapo usione haya. Kuuangusha kwa kibali, kipande kwa kipande kwa kamba, ni uungwana zaidi kuliko kuukata kichwa ukauacha ufe polepole juu ya watu.

Ila jihadhari na neno "bure". Mringaringa uliokomaa ni samani inayosubiri kuchanwa mbao, na mvule ni milango. Kijana atakuja na sura ya huruma: "Mama, huu mti ni hatari, mimi nitakukatia bure, nitachukua tu magogo." Magogo hayo yana thamani kuliko kazi yake, na yakikamatwa barabarani bila alama ya nyundo ya afisa misitu na bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile watu wanayoiita TP, swali litarudi kwenye ua yalikotoka. Kama mti lazima ushuke, kubalianeni kwanza mbao ni za nani, na ziandikwe kwenye kibali.

Kisiki nacho kina hesabu yake. Mizizi iliyobaki ardhini huoza, mchwa hufuata, na ardhi hutitia. Usimwage zege la jiko jipya juu yake mwaka uleule. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare kusini mwa Moshi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kuna jambo jingine: mti mkubwa hunyonya maji mengi, ukiondoka ghafla udongo ule hubaki na maji, huvimba, na unaweza kuinua msingi ulio karibu. Watu husingizia fundi mwashi.

Mti wa badala upandwe masika. Aprili 1 ndiyo siku ya kupanda miti kitaifa, na kwa mara moja tarehe ya serikali na mvua vinakubaliana.

Mizizi, ambayo hakuna anayeiuliza

Miti mingi ya mjini haiuawi na chenso. Inauawa na msingi wa ukuta, shimo la maji taka na vitofali vya pevingi. Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na imesambaa mbali kupita kivuli cha matawi.

Kuna kipimo cha Waingereza, kwenye kiwango chao BS 5837, ambacho ni rahisi kukitumia hata kwa tepu ya fundi nguo. Pima mzingo wa shina kwenye urefu wa mita 1.5, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kutochimba. Mruka wa mama mkubwa una mzingo wa sentimita 251. Kipenyo ni sentimita 80. Duara linafika mita 9.6 kila upande. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 kama kile cha shemeji Moshono. Mti wa ukubwa huo ukisimama katikati, duara lake linakaribia kugusa mipaka yote minne.

Hilo halimaanishi usijenge. Linamaanisha ujue unachokivunja. Ukuta unaweza kusimama juu ya nguzo, na boriti ikapita juu ya mizizi badala ya mtaro unaoikata yote. Pevingi inaweza kuishia mita chache kabla ya shina. Shimo la maji taka liende upande mwingine. Shemeji alikuwa ameshachorewa ramani. Tulikaa naye na kalamu jioni moja, shimo likahamia nyuma ya jiko, na miti miwili kati ya mitatu imebaki.

Wangeniuliza hawa, ningewaambia hivi

Mwenye mjakaranda Njiro, Arusha, mzima, unaochafua paa kwa maua kila Oktoba na Novemba: uache, ondoa matawi makavu, nunua ufagio. Maua si kosa la jinai.

Mwenye mringaringa ulio mpakani, nusu ya matawi kwa jirani: kupogoa, na kabla ya kupogoa, nenda kwa jirani. Usianze na mwanasheria. Wazee wetu wa Kichagga walipanda masale, mmea wenye majani marefu, mpakani, na jani lilelile la isale walilibeba walipokwenda kuomba radhi. Mti unaovuka masale unahitaji mazungumzo ya namna hiyo kwanza, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, ndipo barua ya kibali ibebe majina mawili. Barua ya majirani wawili waliokubaliana haina wa kuipinga.

Mwenye mgrivea mnene juu ya paa: mti huu una sifa ya kuvunja matawi kwenye upepo. Kama ulipogolewa tangu mdogo, endelea palepale. Kama haujawahi kuguswa na sasa unazidi nyumba mara tatu, mimi ningeuangusha kwa kibali, nikapanda mti wa asili mbali zaidi na ukuta.

Na mwenye mti uliokwisha kukatwa kichwa, kama sisi? Usikate tena palepale. Kwenye kila fungu la machipukizi chagua mawili au matatu yaliyoshika vizuri, punguza mengine kidogo kidogo kwa misimu kadhaa, na yale uliyoyachagua yapunguzwe urefu ili yasiwe mazito. Kila kiangazi kagua vile vidonda vya zamani. Siku uozo ukishuka kwenye shina kuu, ndipo barua ya kuuangusha iandikwe.

Mruka wa Rau una machipukizi manene kama mikono sasa, na mikato miwili kati ya minne imeanza kulainika ukiichokonoa kwa bisibisi. Banda tumelihamisha upande wa migomba. Safari hii barua imepelekwa mapema, afisa misitu amekuja, amegonga shina mwenyewe, ameruhusu kupogoa. Fundi wa kamba anakuja Agosti. Mama mkubwa ameshampa masharti kwa simu: tawi la upande wa jikoni lisiguswe, ndilo linalomkinga jua la saa nane akichambua maharage.